Mawaridi ya Mkono wa Kushoto

Mdogo wangu wa kiume ni fundi wa plasta. Watu wote humwita Fundi, na hata mimi dada yake nimeshazoea kumwita hivyo. Ukipita mjini kwetu ukaona ukuta umenyooka huna pa kutia ukucha, uliza umepigwa na nani. Mara nyingi utatajiwa yeye. Ni mtu wa maneno machache, mikono mikavu imepasukapasuka kwa saruji, na tangu nimfahamu hakuwahi kuchemsha hata chai. Kwa hiyo asubuhi moja, miezi michache baada ya kumzika mke wake, alipokuja nyumbani kwangu akakaa, kisha akaniuliza, "Dada, kile kidude cha kutolea maua ya keki kinaitwaje?" nilidhani huzuni imempanda kichwani.

"Wewe na keki wapi na wapi?" nikamwambia.

"Nataka kujifunza. Nimpambie Kidosho."

Kidosho ni binti yake, wa pekee. Jina hilo alipewa na mama yake akiwa mchanga, na limemganda mpaka leo ni mtu mzima ana kazi yake mji mwingine. Harusi yake ilikuwa imeahirishwa kwa ajili ya msiba, sasa imepangwa upya. Na keki ya harusi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Mama yake alishasema tangu mtoto yuko darasa la kwanza: ya mwanangu nitaipamba mimi, asiguse mtu.

Sasa hapa lazima nimseme wifi yangu, na nitasema kweli tupu, maana marehemu hasemwi vibaya lakini pia hasingiziwi uzuri. Hatukuwa tukiivana. Wifi ni wifi. Mkituweka chumba kimoja, maji yalichemka bila moto. Nikisema chumvi imezidi, yeye anasema ni ulimi wangu umezeeka. Nikimletea zawadi, anaigeuza kuangalia nyuma yake kukoje. Lakini mkono wake, jamani, mkono wake siwezi kuupakazia. Alikuwa akioka keki za watu hapohapo nyumbani, na alitumia kushoto kwa kila kitu. Mawaridi yake ya krimu yalijikunja upande wa kushoto, kinyume na ya wapambaji wengine wote. Ukifika kwenye sherehe ukiona waridi limejikunja vile, hukuwa na haja ya kuuliza keki imetoka wapi.

Alianguka jikoni asubuhi, mfuko wa krimu mkononi, keki ya mtu iko mezani imepambwa nusu. Fundi alikuwa juu ya jukwaa kwenye jengo la watu. Mpaka ashuke, mpaka afike, mwenzake alishakwenda. Ile keki hakuna aliyejua la kuifanya. Mwisho niliichukua mimi nikaitupa, na nilipokuwa naitupa nililia, mimi niliyekuwa nikigombana naye juu ya chumvi.

Basi nikamwambia mdogo wangu vile vidude ninavyosikia vikiitwa nozeli, na kwamba kuna mama mmoja mwenye duka la vifaa vya keki, wifi alikuwa akinunua kwake, na nyuma ya duka ana chumba anachofundishia. Mama huyo kila mtu humwita Mwalimu. Moyoni nilisema, aende tu, heri ya hilo kuliko kukaa anatazama dari.

Akaenda. Hebu fikiria chumba kimejaa wanawake na mabinti, aproni zina maua, halafu anaingia jitu la miraba minne lina vumbi la saruji kwenye nyusi, na mfukoni limetia pimamaji. Ndiyo, pimamaji, kile chombo cha mafundi chenye kichupa cha maji, cha kujua kama kitu kimelala sawa. Aliiweka juu ya keki ya kila mwanafunzi, akawaambia ya nani imeinama. Hawakumwomba. Mabinti walicheka wakafichana nyuso, lakini wote wakaenda kukata upya vichwa vya keki zao.

Mzoea punda hapandi farasi. Siku ya kupaka krimu Mwalimu aliwaeleza kwamba kwanza unapaka tabaka jembamba la kushika makombo, unaiweka keki kwenye friji ligande, ndipo unapaka la pili. Fundi akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za kwao. Tabaka la kwanza, tabaka la pili, si plasta hiyo? Wenzake walipotoka kunywa chai, akachukua uma, akalikwaruza tabaka lake la kwanza pande zote, mistari ya mawimbi, kama anavyokwaruza ukuta ili plasta ya pili ipate pa kung'ang'ania. Na hakuishia hapo. Ukuta mkavu hunyonya maji ya plasta, kwa hiyo fundi huulowesha kwanza. Basi akachota maji kwa kiganja, akainyunyizia keki, shaa, shaa, mpaka akaridhika. Kisha akapiga krimu juu yake.

Waliporudi walimkuta amesimama na kisu bapa mkononi, anatazama krimu yote ikishuka polepole kama soksi iliyokatika mpira. Keki imebaki uchi, imelowa chapachapa.

"Baba," Mwalimu akamwuliza, "umeiogesha?"

"Nimeilowesha ili ishike," akajibu, uso mkavu kabisa.

Binti mmoja alikaa chini kwa kucheka. Na yeye mwenyewe aliponisimulia jioni hiyo alicheka, mabega yakatikisika, akafuta machozi kwa nyuma ya mkono. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu msiba. Nikasema, ahsante Mungu kwa keki.

Nyumbani kwangu tulizila hizo keki mpaka watoto wa jirani wakaanza kukwepa mlango wangu. Kuta za keki zake zilinyooka upesi, hilo lilikuwa kwenye damu, lakini maua! Anaminya mfuko kama anaminya bomba lililoziba. Waridi linafanyiwa juu ya kipande kidogo cha chuma mfano wa msumari wenye kichwa kipana: mkono mmoja unazungusha msumari, mwingine unaminya krimu, petali kwa petali. Yake yalitoka kabichi. Nilimwambia hivyo, "Fundi, hii ni kabichi," naye alisema, "Najua, dada, lakini ni kabichi iliyosimama." Tulikuwa tukitaniana hivyo, na nilianza kuamini kwamba mambo yatakaa sawa.

Kisha yakaacha kuwa kabichi.

Sikuyaona mimi kwanza. Mwalimu alikuja kwangu mwenyewe mchana mmoja, amebeba kiboksi, na si mtu wa kutembelea watu. Alikataa chai. Alifungua kiboksi mezani. Ndani mlikuwa na mawaridi, meupe, membamba pembezoni kama karatasi, na yote yamejikunja kushoto.

"Haya mawaridi ya marehemu unayahifadhi mpaka leo?" nikasema. "Yataoza."

"Haya yamepambwa leo asubuhi," akasema Mwalimu. "Mdogo wako kayapamba mbele yangu."

Nikayatazama tena. Sikuweza kuyagusa.

"Wiki iliyopita alikuwa hajui hata kushika mfuko," akaendelea. "Leo nimemwuliza, nani kakufundisha kukunja hivi? Akaniambia, si wewe Mwalimu. Mimi sikunji hivi, dada. Sijui hata namna ya kukunja hivi. Kulikuwa na mtu mmoja tu." Akafunga kiboksi. "Na ameanza kushika mfuko kwa kushoto. Nimekuja kukuambia kwa sababu ni ndugu yako. Mimi darasani kwangu nitaogopa."

Alipoondoka nilivaa viatu nikaenda kwa mdogo wangu hapohapo, jua likiwa kali barabarani. Kabla sijafika mlangoni nilisikia harufu ya vanila. Nikajisemea, anaoka. Nikaingia, nikapita sebuleni, nikafika jikoni nikaweka kiganja juu ya oveni. Ilikuwa baridi, haikuwashwa siku hiyo.

Jiko lile ni jembamba, kama ujia. Upande huu sinki, upande ule oveni na meza ya kazi, dirisha dogo mwishoni linalotazama ukuta wa jirani. Aproni ya wifi ilikuwa bado msumarini. Fundi alikuwa mezani, keki iko juu ya kile kisahani cha kuzungusha, na mfuko wa krimu uko mkono wake wa kushoto. Mdogo wangu ambaye tangu utotoni anarusha mawe kwa kulia, anakula kwa kulia, anashika mwiko wa plasta kwa kulia. Mkono ule wa kushoto ulikuwa ukienda bila haraka, bila kusitasita, kama mtu anayeandika jina lake.

"Karibu, dada," akasema bila kugeuka.

Akataka kuchukua kitambaa kwenye sinki. Jiko lilikuwa tupu, mimi niko mlangoni, njia ni nyeupe mbele yake. Lakini alijibana. Aligeuza bega, akavuta tumbo ndani, akapita kwa ubavu, polepole, jinsi mnavyopishana na mtu kwenye nafasi ndogo. Akasema, "Samahani." Akachukua kitambaa, akarudi vilevile, kwa ubavu.

Hakuwa ananiambia mimi.

"Fundi," nikasema. "Unampisha nani?"

Akamaliza petali aliyokuwa nayo.

"Unamwona?" nikamwuliza, na sauti yangu sikuipenda.

"Simwoni, dada. Ningemwona ningekuambia." Akaonyesha kifundo cha mkono wake wa kushoto kwa kidevu. "Ananishika tu hapa. Nikikosea anaminya. Nikienda sawa ananiachia."

Mimi nina mdomo. Tangu utoto nasifiwa na kulaaniwa kwa ajili ya mdomo huu. Siku ile nilitafuta neno sikulipata, kwa sababu niliangalia uso wake na nikaona kitu kibaya kuliko hofu. Alikuwa na raha. Mdogo wangu alikuwa ametulia, amenawiri, kama mume ambaye mke wake amerudi kutoka safari ndefu.

Nilitoka mle nikiwa na hasira ya kutosha nyumba tatu. Hasira na nani? Na wifi. Nilimsema njia nzima. Mwanamke wewe, nilimwambia, ulipokuwa hai hukuniachia nafasi kwa mdogo wangu, na sasa umekufa hutaki kuniachia? Watu walionipita barabarani wakanitazama.

Baada ya hapo nilikwenda karibu kila siku. Alikuwa ameacha kazi. Mwenye jengo alinipigia simu akisema Fundi ameacha ukuta umepigwa plasta nusu, hapokei simu, kisa nini? Nikamdanganya kwamba anaumwa mgongo. Kila nikifika naye yuko jikoni. Vikombe viwili mezani, kimoja kimenywewa, kimoja kimejaa chai imefanya utando. Nikitaka kukimwaga ananizuia: "Acha, hajamaliza." Na siku moja nilipoingia kuchukua sahani, nilijikuta na mimi nimegeuza bega nimepita kwa ubavu. Nilipogundua nilichokifanya, niliiacha sahani nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Hapo ndipo nilipomwuliza lile lililokuwa likinikera. Harusi ilikuwa imekaribia, keki ya ghorofa tatu imeshaokwa, na suti yake iko kwangu nimeshaipiga pasi.

"Suti utakuja kuichukua lini?" nikamwuliza.

"Suti ya nini?"

"Ya harusi ya mwanao. Au utampeleka bibi harusi na aproni?"

Akanitazama kwa upole, kama anamweleza mtoto. "Mimi siendi, dada. Nitaimaliza keki, mtaibeba. Nikienda, nani atabaki naye?"

"Naye nani?"

"Mwenye jiko hili," akasema. "Asubuhi ile nilikwenda kazini, nikamwacha. Siondoki tena."

Nilisema mengi. Nilimwambia mtoto ana mzazi mmoja tu aliyebaki, kwamba akisimama pale mbele bila baba watu watasema nini, na watu waende zao, yeye mwenyewe atajisikiaje? Nilimwambia heri kufa macho kuliko kufa moyo, na kwamba yeye amechagua vyote viwili. Alisikiliza yote. Kisha akarudi kwenye waridi lake. Ningeweza kuligonga lile jiko kwa nyundo.

Nikampigia Kidosho simu, nikamwambia aje mapema, siku moja kabla, apitie kwa baba yake kwanza.

"Baba mgonjwa, shangazi?"

"Njoo tu," nikasema. Ningemwambia nini? Kwamba mama yake yuko jikoni anapamba keki?

Alifika mchana na begi lake begani, nikamngojea mlangoni. Nilimwona anavuta pumzi, harufu ile ya vanila imemfikia, uso ukamlegea ukawa uso wa mtoto mdogo. Nikaogopa. Nikasema, ehe, naye tumempoteza.

Jikoni keki ilikuwa imemalizika, iko kwenye ncha ya meza iliyo karibu na mlango. Sitaidharau: sijaona keki kama ile maishani. Nyeupe kwa nyeupe, ghorofa tatu, mawaridi yameteremka kutoka juu mpaka chini upande mmoja, yote yamejikunja kushoto. Fundi alisimama kando yake, mkono wa kushoto umefumba mfuko wa krimu, anamtazama binti yake kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Kidosho akasogea. Aliizunguka keki kwa macho. Akainama karibu na waridi moja, akalitazama muda mrefu. Nilidhani atalia, tutalia wote, halafu kesho nitabeba keki peke yangu na suti itabaki kwenye hanga.

"Hii ni keki ya mama," akasema.

"Ndiyo," Fundi akasema, na furaha ikamwingia usoni. "Alisema ataipamba mwenyewe. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Na ya kwako iko wapi?"

Fundi hakuelewa. "Hii ndiyo—"

"Hii si ya kwako, baba. Shangazi alikuwa akinitumia picha za keki zako. Zile zenye kabichi. Niliwaonyesha watu kazini, nikawaambia, mnaona, baba yangu fundi wa plasta ananitengenezea keki. Nimesafiri kuja kuona kabichi zangu." Akainuka kutoka kwenye keki, akamgeukia. "Mama nimemzika. Nimetupa udongo kwa mkono huu. Nilipotoka pale nilijua nimebaki na mtu mmoja. Wewe sijakuzika, baba. Mbona na wewe umekwenda?"

"Niko hapa," Fundi akasema. "Nimeshindwa kumwacha, mwanangu. Nimwache hapa peke yake?"

"Wapi?"

Akaonyesha. Palepale kati ya oveni na meza, nafasi ambayo wote tulikuwa tukiipita kwa ubavu.

Kidosho akaweka begi chini. Hakugeuza bega. Akaingia ndani zaidi kifua mbele, hatua kwa hatua, na Fundi akanyanyua mkono akasema, "Taratibu, utamgonga," lakini binti alishafika. Akasimama palepale. Akaweka viganja viwili juu ya meza. Mimi nilikuwa nimeshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Nimesimama hapa," akasema. "Ni mimi tu."

Fundi alikuwa anaangalia uso wa binti yake, kisha nyuma yake, kisha uso wake tena. Mfuko wa krimu ukamponyoka ukaanguka sakafuni. Akautazama mkono wake wa kushoto, akaukunjua, akaukunja, kama mtu aliyeamka na ganzi.

Kisha akachukua kisu bapa. Kwa kulia.

Alianzia juu. Alikuwa akilikwangua waridi moja baada ya jingine, analiweka kwenye bakuli kwa uangalifu, halivunji. Sitasahau ile kazi. Nimemwona akibomoa plasta mbovu maelfu ya mara, anaigonga inaanguka, haangalii nyuma. Haya aliyatoa moja moja. Kwenye waridi la mwisho alisimama, nikaona midomo inacheza, akasema kitu ambacho sikukisikia na sikutaka kukisikia. Akaliweka na wenzake.

Akapaka upya. Kidosho alizungusha kisahani, yeye akashika kisu, na kwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi nilimwona mdogo wangu ninayemjua: jicho moja amelifumba, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, anatafuta pasiponyooka. Keki ikawa nyeupe tupu, ghorofa tatu, hakuna ua, hakuna kijani, ukuta mtupu. Juu kabisa akaminya kabichi moja. Kidosho akacheka huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Mimi nilikuwa namsubiri acheke na yeye. Badala yake akaja kwangu mlangoni na lile bakuli la mawaridi amelikumbatia.

"Dada," akasema, "sasa yeye ataenda wapi?"

Nikamshika shingo kama nilivyokuwa nikimshika akiwa mdogo. Akalia hapo, amesimama, krimu ikatupaka wote wawili nguo.

Kesho yake alivaa suti. Alimshika binti yake mkono akaingia naye ukumbini, na kuna waliomcheka kwa keki ile, wakasema fundi kaleta ukuta harusini, na yeye aliwaambia ndiyo, na umesimama. Akaenda kukaa mstari wa mbele. Nilipotaka kukaa kiti cha pembeni yake, aliweka mkono juu yake haraka, akanizuia, kama mtu aliyemshikia mwenzake nafasi.

Nikasimama. Watu nyuma yangu walikuwa wananihimiza nikae, wanataka kuona.

Akakitazama kile kiti. Akakitazama kwa muda. Kisha akaondoa mkono wake, akaupeleka gotini.

"Kaa, dada," akasema.

Nikakaa. Kiti kilikuwa na joto, kama cha mtu aliyeinuka sasa hivi kumpisha mwingine. Sikumwambia.